Nilisema Nina Depo, Sasa Wenzangu wa Promo Wanakuja



Mimi ni mama wa miaka 49, mkaaji wa Kadutu. Nilisoma sekondari kwenye lise moja ya masera hapa Bukavu, jina sitalitaja, na darasa la sita tulimaliza mwaka 1994. Sasa imetimia miaka 30. Wenzangu wa promo wameandaa retruvai, yaani makutano, ya siku tatu mwezi wa nane: Ijumaa jioni kuonana, Jumamosi misa katika kanisa kuu na kutembelea shule, usiku fete hotelini kando ya ziwa, Jumapili matembezi ya mashua. Watatoka Kinshasa, Goma, Kigali, Brussels na Montréal. Kila mtu anaombwa dola 100, na kikwembe cha sare dola 25, fundi mbali.

Shangazi, sina. Na si hilo tu. Mtihani wa serikali nilipata asilimia 47. Wenzangu walimwagiwa pudra, mimi nikajifungia chumbani. Sikurudia, maana mwaka uliofuata niliolewa. Kikundi chetu cha WhatsApp kinaitwa "Wadiplome 94". Waliponiingiza, hakuna aliyeuliza habari ya diploma, ila waliuliza nafanya kazi gani. Kabla yangu mmoja alikuwa ameandika kwamba ni daktari, mwingine mratibu wa shirika. Nikaandika nina depo ya samaki. Ukweli ni kwamba nauza sambaza kwenye beseni, Nyawera.

Sasa rafiki niliyekaa naye dawati moja miaka minne anakuja kutoka Brussels, na ameandika mbele ya wote kwamba kabla ya kwenda popote atapitia kwenye depo yangu achukue sambaza za kupeleka Ulaya. Wote wameshangilia. Sijajibu mpaka leo.

Zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa mzunguko, ni mwisho wa mwezi wa saba, dola 150. Nilikuwa nimeipangia binti yangu, amefanya mtihani wa serikali mwaka huu, anangoja matokeo na anataka kuingia chuo cha ualimu, ISP. Nafikiria kuichukua nilipe mchango, hata kukodi mlango wa depo kwa siku hizo tatu. Mume wangu anasema nisiende, wale si wenzangu tena. Lakini kuna mama wa mwenzetu mmoja aliyeuawa 1996, anakaa jirani, huwa nampelekea sambaza siku biashara ikienda vizuri. Yeye ameniambia: nenda, utaniletea habari za watoto. Nifanye nini?

Mama wa Nyawera, Bukavu

*

Mama wa Nyawera, jambo.

Pesa ya likelemba ni ya binti yako. Hapo hatujadiliani. Umeichanga kwa ajili ya shule yake, na mtoto anayengoja matokeo hawezi kulipishwa gharama ya jambo uliloandika wewe kwenye simu. Ukiigusa, mwezi wa kumi wenzake watakuwa wanajiandikisha ISP, naye atakuwa nyumbani akikutazama. Na huo mlango wa kukodi kwa siku tatu, nisamehe, nilicheka kwanza ndipo nikaogopa. Utahitaji friji, kijana wa kubeba makasha, na majirani wa kukubali kwamba hawajawahi kukuona barabarani na beseni. Uongo wako wa sasa ni sentensi moja. Usiujengee nyumba.

Umeniandikia kana kwamba shida yako ni dola 100. Pesa hiyo ni nyingi, wala sisemi ni kitu kidogo. Lakini waliokosa mchango ni wengi katika kila promo, na hilo hurekebishwa kwa maneno mawili na mweka hazina. Linalokukosesha usingizi ni depo. Hilo pia halihitaji dola hata moja.

Usianze kwenye kikundi. Anza na huyo wa Brussels, faraghani, kwa sauti yako, si kwa kuandika. Mwambie hivi: "Rafiki yangu, depo sina. Nauza sambaza Nyawera, kwenye beseni. Niliandika vile kwa haya, maana mlionitangulia mlikuwa wakubwa. Ukija nitafute asubuhi, ndipo zinakuwa mbichi. Za kupeleka Ulaya nitakuanikia mwenyewe, zikauke vizuri." Basi. Usieleze miaka 30 yote, usilie, usiombe msamaha mara kumi. Mtu aliyekaa na wewe dawati moja miaka minne anakujua. Alikuona ukinakili hesabu, naye alinakili kwako. Baada ya hapo andika kwa wote mstari mmoja, hata kwa utani: depo yangu ni beseni, karibuni Nyawera. Utashangaa nani atakufuata. Katika mji huu mtu akiwa na muhuri, meza na kibao mlangoni, tayari ni mratibu wa shirika. Sitashangaa huyo uliyemwogopa naye akapumua.

Na rafiki yako akikucheka? Basi umejua mapema, na sambaza zako umeziuza kwa mwingine.

Sasa nije kwenye zile asilimia 47, maana naona bado zinakuuma kuliko unavyosema. Diploma huanza na 50, hilo halibadiliki, na sitakuambia kwamba karatasi haina thamani; wewe mwenyewe unaihangaikia kwa binti yako. Lakini retruvai haiiti karatasi. Mwaka 1994 serikali ya Zaire ilikuwa imewaacha walimu bila mishahara ya kueleweka, na shule ziliendelea kwa sababu wazazi walikubali kuwalipa walimu wenyewe. Baba yako na mama yako walilipa kama wazazi wa yule daktari. Ulivaa sare ileile, uliitwa jina asubuhi kwenye orodha ileile, masera walikuadhibu kwa kelele zilezile. Ulikaa miaka yako yote pale, mpaka siku ya mwisho ya mtihani. Kama kikundi kinaitwa "Wadiplome", aliyekipa jina alifikiria haraka. Na kama bado unaitamani diploma yenyewe, mlango wa watahiniwa binafsi, wale tunaowaita otodidakti, haujafungwa. Wapo wenye umri wako wanaoupitia. Ila usiifanye iwe tiketi ya mwezi wa nane. Si kila promo inaweza kujivuna kama ile ya shule ya Bwindi ya 1974, iliyomtoa daktari Denis Mukwege. Promo nyingi zina wauzaji, walimu, wajane, na wawili watatu wenye magari.

Mume wako simlaumu. Ameona ukirudi sokoni umechoka, hataki urudi kutoka fete umechoka zaidi. Lakini akisema wale si wenzako tena, amekosea, na barua yako mwenyewe inamkanusha, kwenye mstari ambao umeuweka mwisho kabisa kama jambo dogo. Mimi niliusoma kuliko yote.

Kumbuka mlivyoachana. Julai 1994 mlikuwa mmetoka kwenye mtihani, na mji ukajaa wakimbizi waliovuka Ruzizi kutoka Rwanda. Watu walilala kwenye viwanja vya shule, makanisani, kando ya barabara, kabla ya wengi kupelekwa Kashusha, Inera na makambi mengine. Nani alikuwa na nafasi ya kufanya sherehe ya kuagana? Kila mmoja alishika njia yake. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1996, vita viliingia mjini, na tarehe 29 Askofu Mkuu Munzihirwa akauawa hapo hapo Nyawera unapokaa na beseni lako. Agosti 1998 vita vingine. Juni 2004 askari wa makamanda waasi Nkunda na Mutebutsi wakapora mji huu siku kadhaa. Walioondoka waliondoka, hakuna wa kuwahukumu. Ningekuwa na njia ningefikiri kama wao. Lakini wewe ulibaki. Unajua nani alizikwa wapi, na nani hakupatikana wa kuzikwa. Unajua mzazi yupi yuko hai, yupi amehama Panzi, yupi haoni tena. Mwenzako aliyeuawa 1996, watu wa Montréal wana picha yake ya darasani. Wewe una mama yake, jirani yako, na sambaza unazompelekea.

Halafu unaniuliza kama wewe ni mwenzao. Mama, wewe ndiye mwenyeji wao.

Kwa hiyo fanya kazi ya mwenyeji. Andikia kamati, si kuomba kuingizwa, bali kuleta hoja. Kwenye ratiba uliyonitajia kuna misa, hoteli na mashua; marehemu sikuwaona. Waombe majina yao yasomwe Jumamosi katika misa ya kanisa kuu, pale Notre-Dame de la Paix, na ujitolee kuikusanya orodha, maana aliye mbali hawezi. Kisha omba wachache wafuatane nawe baada ya misa kwenda kwa yule mama. Wachache nasema, watatu au wanne, si basi zima lenye simu zilizoinuliwa. Muulize yeye kwanza kama anataka, na saa ngapi. Wamwambie majina yao ya utotoni, ndiyo atakayoyakumbuka. Wasianze kueleza Ulaya. Wakae, wamsimulie mtoto wake alivyokuwa darasani: alichekesha nini, aliimba nini, aligombana na nani. Mama aliyemzika mtoto wa miaka ishirini ana hadithi za nyumbani tu. Zile za shule mnazo ninyi, na hajazisikia. Bahasha ikiwepo, ipite mkononi kimya, bila picha. Hapo atakuwa amepata habari za watoto alizokutuma.

Upande wa mchango, nenda kwa mweka hazina moja kwa moja, usipitie kwa mtu. Mwambie: dola 100 sina, nitaleta sambaza za Ijumaa jioni na kuzikaanga mwenyewe, pamoja na kusaidia mapokezi. Watu waliokula samaki wa barafu miaka 20 hawatauliza risiti. Kikwembe cha sare acha. Vaa kikwembe chako kizuri kuliko vyote, kile unachoendea arusi. Usikope kwa ajili ya kitambaa utakachovaa usiku mmoja. Mtu akikununulia kwa roho safi, pokea, sema asante, yaishe. Usianze kumtumikia wikendi nzima kwa sababu ya nguo.

Fete ya hotelini, kama mlango wake ni lazima ulipiwe, unaweza kuiruka. Mimi hizo fete nimeziona: muziki mkubwa, hotuba ya mwenyekiti, hotuba ya makamu, na watu ambao hawajaonana miaka 30 wakipigiana kelele masikioni bila kusikizana. Uzuri wa siku hizi uko Ijumaa, watu wanapokodoleana macho wakitafuta jina, na Jumamosi shuleni, mtu anapoingia darasani na kwenda moja kwa moja kwenye kona yake. Hizo mbili usizikose. Mume wako mlete misani. Akiwaona wanakuita kwa jina la shule, mjadala wa nyumbani utakwisha.

Nafasi ya mwisho ni ya kamati, hii na nyingine, maana kiangazi kikifika Bukavu yote ina retruvai, mahari na arusi za waliotoka mbali. Ndugu zangu, kiwango cha mchango kiwekeni, ila mwachieni kila mmoja atoe anachoweza, na ajue mweka hazina peke yake. Ile orodha ya waliolipa mnayoibandika kwenye kikundi kila Jumapili jioni, iondoeni leo. Badilisheni pia jina la kikundi, andikeni mwaka peke yake. Na mkifika Nyawera kununua sambaza za kurudi nazo Ulaya, mlipeni huyo mama bei aliyosema, msipunguze.