Nzi wa manyoya: kuvua pamoja na wenzako

Wandugu wa mwaka wa pili walituuliza hivi: juu ya nini Wazungu wengine wanasimama saa nyingi ndani ya muto wa baridi, wanarusha kamba mbele na nyuma, na wakisha kukamata samaki wanamurudisha ndani ya maji? Ni wazimu ao ni nini? Tuliahidi kujibu katika ukurasa huu wa mafunzo. Tumesoma, tumeulizana, tena tumejaribu sisi wenyewe, na mumoja wetu alirudi na shati lenye kupasuka.

Tuanze na kitu chenyewe. Kila mutu hapa anajua kuvua na ndoano. Unatia munyoo, unafunga jiwe kidogo, unatupa. Ni uzito wa jiwe wenye kupeleka kamba. Kwa kuvua na nzi ni kinyume kabisa. Chambo ni nzi wa uongo, kipande cha manyoya na uzi juu ya ndoano, na hana uzito hata kidogo. Mwenye uzito ni kamba. Muvuvi anapeleka fimbo nyuma, anangoja kamba inyooke nyuma ya mugongo wake, kisha anaipeleka mbele, na nzi anaanguka juu ya maji polepole sawa mududu wa kweli. Asiyengoja, kamba inamurudilia masikioni. Tulisoma neno hilo mara tatu, tukasema tumeelewa. Kumbe kichwa kilikuwa kimesoma, mukono bado.

Samaki anayetafutwa sana ni trauti, yule Wafaransa wanamwita truite. Anapenda maji ya baridi, safi, yenye kutembea. Anakula wadudu. Kuna mududu mumoja, kwa Kifaransa éphémère, ambaye anaweza kukaa chini ya maji mwaka muzima ao miwili akiwa bila mabawa. Siku yake ikifika anapanda juu, anapata mabawa, anaruka, anataga mayai, anakufa. Maisha yake ya hewani ni saa chache ao siku chache, na hana hata kinywa cha kulia. Saa hizo trauti anatazama juu tu, na kama nzi wako hafanani na ule anayeruka leo, anakuacha hapo na fimbo yako.

Basi hapo ndipo wenzako wanaingia. Hakuna muvuvi anayejua wadudu wa mito yote. Ukifika kwenye muto usioujua, unapaswa kumuuliza mwenyeji: leo wanakula nini? Na yeye akipenda anafungua kisanduku chake, anakupa nzi mumoja. Akikataa, utashinda njaa. Na sisi katika internat tunajua mambo ya kukataa: kulikuwa mumoja wetu aliyejua shimo lenye samaki, akanyamaza trimestre nzima, tukimuona tu anarudi na kamba imejaa. Hatutaji jina. Anajijua.

Ufundi huu ni wa zamani kuliko tulivyofikiri. Aelian, Muroma aliyeandika kwa Kigiriki karibu na mwaka 200, anaeleza watu wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu juu ya ndoano na manyoya mawili ya jogoo. Fimbo yao ilikuwa na urefu wa futi 6, na kamba vilevile. Kule Uingereza kitabu cha kwanza cha kuvua na fimbo kilichapwa mwaka 1496, na ndani yake nzi 12 wameelezwa. Kinaonya vilevile kwamba muvuvi asiwe na tamaa ya kukamata samaki wengi mara moja, na afunge milango ya mashamba ya watu anapopita.

Lakini wawili tuliowapenda zaidi ni Izaak Walton na Charles Cotton. Walton alizaliwa mwaka 1593, akafanya biashara London. Nchi yake iliingia katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, mufalme akakatwa kichwa mwaka 1649, na Walton alikuwa upande wa mufalme, maana yake upande ulioshindwa. Mwaka 1653, akiwa na miaka 60 hivi, akatoa kitabu juu ya kuvua samaki. Watu wanatembea kandokando ya muto, wanavua, wanapika, wanaimba, wanafundishana. Tulishangaa kidogo: katika wakati ule muchungu, kitabu cha samaki? Mumoja wetu akasema ndiyo maana, watu walikuwa na hamu ya kukaa na mwenzao bila kumuogopa. Tukamukubalia.

Walton alijua munyoo na chura. Juu ya nzi alijua kidogo, na hakuficha: mambo mengi ya nzi aliyachukua kwa Thomas Barker, mupishi, na akasema wazi kwamba yametoka kwake. Cotton yeye alikuwa bwana wa shamba kubwa karibu na muto Dove, mwenye madeni mengi, mudogo kwa Walton kwa miaka 37. Kwa umri na kwa cheo hawakulingana. Urafiki wao ulitoka mutoni. Cotton alimwita Walton baba. Na mwaka 1674 Cotton alijenga nyumba ndogo ya mawe kando ya Dove, kwa ajili ya kuvua tu, na juu ya mulango akachonga herufi za majina yao wawili zimeshikana. Nyumba hiyo ingali imesimama.

Kisha jambo lenye lilitufanya tuandike somo hili. Kitabu cha Walton kilipopaswa kuchapwa mara ya tano, mwaka 1676, muzee, mwenye sifa katika nchi nzima, alimuachia kijana sehemu ya nzi aiandike. Cotton akaiandika kwa siku zaidi kidogo ya kumi. Walton akamujibu kwamba, ingawa yuko katika mwaka wa 83 wa maisha yake na zaidi ya kilometa 160 ziko katikati yao, atafunga safari amwone. Wale wanaosoma Montaigne katika Kifaransa watafurahi kujua kwamba Cotton huyu ndiye alitafsiri insha zake kwa Kiingereza mwaka 1685, pamoja na ile ya urafiki.

Tusifikiri kwamba walikuwa watu wa kusifiana tu. Cotton anasimulia namna alivyotundika dirishani nzi mumoja wa London, munene, kusudi acheke. Kucheka ni sehemu ya kazi hii. Wavuvi wa nzi wanakwenda mara nyingi wawili na fimbo moja: mumoja anarusha, mwingine anakaa juu ya ukingo anatazama samaki na kumwambia, kushoto kidogo, ngoja, sasa! Samaki akikamatwa ao akikimbia, wanabadilishana. Jioni kila mutu anaongeza samaki wake urefu.

Juu ya kumurudisha samaki hatukupatana. Wengine walisema ni vizuri, muto usibaki mutupu. Wengine walisema mama zetu watauliza kama tulikwenda kumusalimia samaki. Liko kwenu.

Afrika ya mashariki haikuwa na trauti. Mwaka 1905 Waingereza walileta mayai yake kutoka Scotland mupaka Kenya, na vifaranga wakatiwa ndani ya muto Gura, milima ya Aberdare. Hapa kwetu kijito chetu hakina trauti, na kamba nzito ya duka hatuna. Lakini tuliona kwamba fimbo ya Aelian ni sawa na mwanzi wetu: futi 6 za fimbo, futi 6 za kamba, unaweka nzi juu ya maji bila kurusha mbali. Tukafunga uzi mwekundu na manyoya ya shingo ya jogoo. Jumamosi tatu hatukupata kitu, isipokuwa lile shati. Jumamosi ya ine, saa kumi na moja jioni, samaki mudogo kama kidole aliruka akamushika. Tulipiga kelele sita sisi wote, na yeye akatoroka.

Siku ile mwenye shimo alikuwa nasi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Twende, niwaonyeshe pahali."

Jumamosi ijayo tunakutana nyuma ya jiko saa tisa. Uzi tuko nao. Mwenye kuwa na jogoo mwekundu nyumbani alete manyoya ya shingo, siyo ya mukia. Ya mukia yanakunywa maji.