Maganda ya Waya Katika Baisikeli ya Zamani

Mtu anayetengeneza upya baisikeli ya zamani huwa na haraka ya kutupa kila kilichochakaa. Hununua matairi mapya, hupaka fremu rangi, kisha hung'oa nyaya zote za breki na gia pamoja na maganda yake na kuzitupa jaani. Baadaye huona kwamba maganda yauzwayo madukani siku hizi, ambayo mengi ni meusi na laini, hayalingani na baisikeli yake. Yale ya zamani huenda yalikuwa ya kijivu au meupe, mengine yenye mistari, mengine yamevikwa kitambaa kilichofumwa. Basi yafaa kujua mapema ni kitu gani cha kuokoa, na kipi hakina budi kutupwa.

Kwanza ifahamike kazi ya ganda. Waya wa namna hii ulipewa hataza mwaka 1896 kwa jina la Ernest Monnington Bowden, mtu wa asili ya Ireland. (Watu wengi humchanganya na Frank Bowden, mwenye kampuni ya Raleigh ya Nottingham, hao ni watu wawili mbalimbali.) Waya wa ndani huvuta, na ganda husukuma kwa nguvu iliyo sawa na ile ya waya. Kwa sababu hiyo ganda si nguo tu ya kuzuia mvua. Ndani yake mna springi ya chuma iliyosokotwa mizunguko ikikaribiana, na mizunguko hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Ikiwa springi imelegea, hujibana mkono wa breki unapokamatwa. Nguvu za mwendeshaji huishia ndani ya ganda, wala hazifiki kwenye rimu. Rimu za chuma zenye kromiamu hushika vibaya sana zikilowa, na hivyo upungufu mdogo wa nguvu ni jambo kubwa kwenye mteremko wakati wa masika.

Baisikeli nyingi zilizotumika mashambani katika Kenya zilikuwa na breki za fito za chuma, ambazo hazina ganda lolote. Lakini hata katika hizo, ikiwa kuna gia tatu, ganda limo katika waya wa gia.

Ganda la kuokolewa huchunguzwa hivi. Waya wa zamani uvutwe nje, kisha ganda likunjwe polepole mkononi, sehemu baada ya sehemu. Likiwa zima hukunjika kama upinde na kurudi. Likivunjika pembe mahali pamoja, au mizunguko ya springi ikionekana imeachana, halifai kwa breki, hata kama rangi yake ni nzuri namna gani. Kutu iliyo mwishoni tu si neno. Kutu iliyoenea ndani hutoka kama unga mwekundu ganda likigongwa mezani.

Ganda lililofaulu litundikwe kwenye msumari, na mafuta ya taa yadondoshwe ndani kwa bomba la sindano mpaka yanayotoka chini yawe safi. Liachwe usiku kucha likauke. Ganda la kitambaa lishikwe kwa uangalifu, maana mafuta hayo huacha doa. Nje, sabuni na maji ya uvuguvugu yatosha. Petroli huharibu plastiki na mpira. Kisha ncha zipigwe tupa mpaka ziwe bapa, na mdomo wa springi upanuliwe kwa ncha ya msumari, kwa kuwa koleo huacha kipande cha chuma kilichoingia ndani, nacho hukata waya uzi mmoja mmoja bila mtu kuona. Mwisho, kofia ndogo za chuma zirudishwe. Maganda mengi ya leo yana bomba la plastiki ndani na hayahitaji mafuta. Haya ya zamani huyahitaji. Waya upakwe grisi nyepesi kabla ya kuingizwa.

Waya wa ndani wa breki usiokolewe kamwe. Hukatika karibu na kichwa chake, ndani ya mkono wa breki, mahali pasipoonekana. Ununuliwe mpya, na kichwa chake kilinganishwe na cha zamani, kwani maumbo yake si mamoja.

Katika gia kuna hatari ya namna nyingine. Kitovu cha Sturmey-Archer cha namna ya AW, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1936, kilikuwa kwa miaka mingi na nafasi tupu kati ya gia ya pili na ya tatu. Hapo pedali huzunguka bure. Sasa fundi akikata sentimita moja ya ganda lenye kutu na kuacha kila kitu kingine kama kilivyokuwa, waya hulegea kwa kiasi hicho hicho. Mwendeshaji huweka gia ya pili, husimama juu ya pedali kupanda kilima, na ghafula mguu hauna cha kukanyaga. Wengi wamelaumu kitovu bure, hali kosa lilikuwa katika ganda. Baada ya kukata, waya ukazwe upya: gia iwe ya pili, mtu achungulie katika tundu la nati ya kulia, na bega la kijiti kinachoungana na mnyororo mdogo liwe sawasawa na mwisho wa ekseli.

Ikiwa ganda la breki limekufa na jipya lazima linunuliwe, ncha yake iliyokatwa itazamwe kabla ya kulipa. Tangu miaka ya 1980 yamekuwako maganda ya gia ambayo nyuzi zake za chuma zimelazwa kwa urefu, zikishikwa na plastiki tu. Ncha yake huonyesha nukta nyingi zilizopangwa duara. Hayo yakibanwa kwa nguvu za breki huweza kupasuka. Ganda la kawaida la breki huonyesha springi. Likishafungwa, usukani ugeuzwe kulia na kushoto mpaka mwisho ili kuona kama ganda linavutwa, kisha mkono wa breki ubanwe mara kadhaa kwa nguvu zote, baisikeli ikiwa imesimama.