Otomatiki Inapoanza Kuteleza

Mwaka huu sikuleta shairi. Nimeleta somo la giaboksi ya otomatiki, nililolipata katika gereji moja hapa Dagoretti Corner, karibu na pale Ngong Road inapokutana na Naivasha Road. Nililazimika kujifunza. Probox ya mjomba wangu, ambayo hubeba viazi kupeleka Kawangware na ndiyo inayonilipia karo, ilianza kuteleza. Injini inanguruma kwelikweli, lakini gari linatambaa tu kama kobe.

Madereva wenzake walimpa shauri moja: "Nunua giaboksi ingine ya mtumba kutoka Japani, funga, songa." Fundi alikataa. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza tuchungulie ndani.

Katika gari la gia za mkono, dereva hukanyaga klachi. Otomatiki haina pedali hiyo. Baina ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo kama boga, mafundi wanakiita konvata, nacho kimejaa oili. Injini huirusha oili, oili nayo husukuma upande wa pili. Weka feni mbili zitazamane, washa moja, utaona ile ingine ikianza kuzunguka kwa upepo tu. Mjerumani Hermann Föttinger alibuni njia hii ya kupitisha nguvu ndani ya kimiminika mwaka wa 1905, na alikuwa akifikiria meli, si magari. Giaboksi ya kwanza ya otomatiki kutengenezwa kwa wingi ni Hydra-Matic ya General Motors, iliyotolewa mwaka wa 1939 kwa magari ya Oldsmobile.

Nyuma ya konvata kuna gia zenyewe. Moja iko katikati kama jua, na zingine zinaizunguka kama sayari (mmelisoma hilo katika Jiografia). Meno yake yameshikana daima. Kinachobadilika ni gia ipi imezuiwa na ipi imeachiliwa. Anayezuia na kuachilia ni nani? Ni klachi za ndani, na hizo ndizo zilizoniletea shida.

Klachi moja ni rundo la sahani nyembamba zenye tundu katikati: moja ya chuma tupu, moja iliyobandikwa kitu kama karatasi ngumu, tena ya chuma, tena ya karatasi, zimepangwa kama chapati. Nyuma yake kuna pistoni yenye sili ya mpira. Oili ikija kwa presha, pistoni hulibana rundo lote likawa kitu kimoja. Presha ikiondoka, springi huirudisha pistoni nyuma.

Sasa ugonjwa. Mpira ukizeeka huwa mgumu kama plastiki. Oili inapenya kando yake, na pistoni inabana kwa unyonge. Sahani badala ya kushikana zinasuguana, zinapata moto, karatasi inaungua, unga wake unaingia kwenye oili na kukwamisha vali, halafu presha inazidi kupungua. Ongeza jam ya Ngong Road jioni, simama-enda, simama-enda, oili ipoe saa ngapi?

Fundi alichomoa dipstiki akaniambia, "Kijana, nusa hiyo." Oili nzima huwa nyekundu. Yetu ilikuwa nyeusi, inanuka kama ugali ulioshika sufuria. Tena mjomba akakumbuka kwamba kituo kimoja cha petroli kiliwahi kumwongezea oili ya injini mle ndani! Fundi alitikisa kichwa tu.

Hapo ndipo shauri la mtumba lilipoanguka. Mpira hauhesabu kilomita peke yake, unahesabu na miaka. Giaboksi iliyotolewa kwa gari kuukuu inakuja na sili zake kuukuu, na kwa kuitazama nje huwezi kujua zimebakisha siku ngapi. Simlaumu anayeinunua. Gia zikivunjika meno, mara nyingi hiyo ndiyo njia iliyobaki. Lakini gia zetu zilikuwa nzima kabisa. Tuzitupe kwa sababu ya mpira na karatasi?

Kazi ilichukua siku tatu. Sili zote, pete, gasketi na filta vilibadilishwa. Sahani za chuma zenye madoa ya bluu zilitupwa, maana bluu ni alama ya moto. Sahani mpya za karatasi zililala ndani ya oili usiku kucha, kwa kuwa zikifungwa kavu huungua mara gari linapoondoka. Kisha fundi alipima nafasi iliyobaki juu ya rundo kwa vibati vyembamba kama wembe. Nafasi ikizidi, gari litachelewa kushika gia. Ikipungua, sahani zitasuguana hata zikiachiliwa. Kabla ya kufunika alipuliza hewa ya kompresa kwenye kijitundu cha oili. Tukasikia "tap!" Pistoni imebana, sili haivuji. Mimi sauti hiyo ilinifurahisha kuliko kengele ya saa kumi.

Jambo ambalo fundi alisema wengi hulisahau ni takataka za zamani. Konvata ilipelekwa kukatwa, kusafishwa na kuchomelewa upya, na bomba za kupozea oili zinazopita kwenye rejeta zilioshwa. Bila hivyo unga ule ule ungerudi kwenye sahani mpya.

Kuhusu oili, tumia ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Magari mengi madogo ya miaka ya karibuni yana mkanda wa chuma badala ya gia nilizoeleza, na oili yake ni tofauti kabisa. Yenye dipstiki kama yetu hupimwa gari likiwa mahali tambarare, injini inawaka na oili imeshapata moto.

Probox ilitoka Ijumaa jioni ikapanda na magunia yake bila kunguruma. Mjomba siku hizi kila Jumapili huchomoa dipstiki, huifuta, huipima, halafu hunipa mimi ninuse.