Una Lupasi na Unataka Mtoto? Usiache Dawa kwa Hofu

Kosa linalowaumiza zaidi wajawazito wenye lupasi hufanyika pale tu wanapogundua wana mimba: wanaacha dawa. Wanaacha kwa kumwogopea mtoto, mara nyingi kwa ushauri wa shoga au wifi mwenye nia njema. Ugonjwa uliokuwa umelala huamka, figo huanza kuvujisha protini, presha hupanda, na aliyekusudiwa kulindwa huweza kuzaliwa njiti, au asizaliwe hai.

Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mwenyewe na kushambulia viungo, ngozi, figo, damu na moyo. Hauambukizi. Kati ya wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake, na wengi huanza kuugua wakiwa katika umri wa kuzaa. Zamani madaktari waliwakataza kubeba mimba. Leo walio wengi hujifungua salama, ila kwa sharti moja: mimba ipangwe.

Ugonjwa unatakiwa uwe umetulia kwa miezi 6 au zaidi kabla ya kushika mimba, hasa kama ulishagusa figo. Muda huo ndio wa kukaa na daktari kupitia dawa zako moja moja. Methotreksati, mikofenoleti na siklofosfamaidi huweza kuharibu mimba au kumlemaza mtoto, hivyo huondolewa mapema, na wengi huhamishiwa azathioprini. Wofarini, na dawa za presha kama enalaprili na losartani, nazo hubadilishwa. Haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ile chungu tuliyomezeshwa zamani kwa malaria, haiachwi. Imeza kabla ya mimba, miezi yote tisa, na wakati wa kunyonyesha. Hupunguza milipuko ya ugonjwa na ni salama kwa mtoto. Prednisoloni kwa kiwango kidogo inaruhusiwa pia, na kuikatisha ghafla ni hatari. Kuanzia wiki ya 12 hivi, daktari huongeza aspirini ya kiwango kidogo ili kupunguza uwezekano wa kupatwa na kifafa cha mimba.

Omba upimwe kingamwili za aina mbili. Ya kwanza ni anti-Ro, ambayo huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Wapo wanaozaliwa na vipele vinavyotoweka vyenyewe ndani ya miezi 6 hadi 8. Kwa kila akina mama 100 wenye kingamwili hiyo, takribani 2 hupata mtoto ambaye moyo wake unapiga polepole kupita kiasi, na athari hiyo haiondoki. Wengine huhitaji kuwekewa kifaa cha kuuendesha. Ndiyo maana moyo wa mtoto husikilizwa na kupigwa picha kati ya wiki ya 16 na ya 26.

Ya pili ni kingamwili za antifosfolipidi, zinazogandisha damu kwenye mishipa na kwenye kondo. Hizi ni miongoni mwa sababu za mimba kutoka mara kwa mara. Mwanamke aliyepoteza mimba tatu asiambiwe amerogwa wala kutishiwa talaka kabla damu yake haijapimwa, kwa sababu tiba ipo: sindano za heparini pamoja na aspirini. Kingamwili hizohizo huweza kufanya kipimo cha kaswende cha RPR au VDRL kionyeshe ugonjwa usiokuwapo. Ndoa isivunjwe kwa karatasi hiyo. Ombeni kipimo cha kuthibitisha kama TPHA, wala msipuuze matibabu mkishauriwa kuyaanza.

Kliniki ya wajawazito hutoa SP ya kuzuia malaria. Mwambie muuguzi una lupasi kabla hujaimeza, kwani dawa zenye salfa huamsha ugonjwa kwa baadhi ya wagonjwa. Daktari aamue, nawe ulale ndani ya chandarua. Diklofenaki na ibuprofeni za dukani ziepuke, hasa baada ya wiki ya 20.

Uso na mikono kuvimba, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, mkojo wenye povu: hizi ni dalili za kifafa cha mimba, na baadhi yake ni za lupasi ya figo pia. Hata daktari hulazimika kupima damu na mkojo ili azitofautishe. Usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya kujifungua ugonjwa huweza kulipuka tena, kwa hiyo rudi kwa daktari wako ndani ya wiki chache, huku ukinyonyesha. Kwa uzazi wa mpango, vidonge vyenye estrojeni havimfai mwenye kingamwili za kugandisha damu. Muulize mhudumu kuhusu kitanzi au kipandikizi.

Jifungulie hospitali yenye daktari wa wanawake na huduma ya watoto njiti. Na leo hii, andika kwenye kadi yako ya kliniki, mahali panapoonekana: NINA LUPASI, pamoja na majina ya dawa zote unazotumia.