Mzee Kati ya Wanawe Wawili



Hadhrat Anas r.a. amesimulia ya kwamba siku moja Mtume Mtukufu s.a.w. alimwona mzee akienda kwa taabu, huku akiwaegemea wanawe wawili. Akauliza ana nini mzee huyu. Akajibiwa ya kuwa ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu. Ndipo Mtume s.a.w. akasema ya kuwa Mwenyezi Mungu hana haja ya mtu huyu kuiadhibu nafsi yake, akamwamuru apande mnyama. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Yafaa tuizingatie sana habari hii. Mzee yule alikuwa na nia njema, na wanawe walikuwa watiifu. Hata hivyo mzee alidhani kwamba mateso ya mwili yatamwongezea thawabu, na wanawe wakadhani kwamba kumtii baba ni kumsaidia kujiumiza. Mtume s.a.w. hakumkaripia yeyote, bali alimwonyesha njia nyepesi.

Nimeuona mfano wa jambo hili kwa macho yangu. Mzee mmoja katika Jamaat yetu, mwenye ugonjwa wa kisukari, alikuwa akimeza vidonge vyake wakati wa daku kisha akifunga mchana kutwa. Wanawe walijua, lakini waliona haya kumwambia neno. Siku moja baada ya Adhuhuri akaanza kutoka jasho na kusema maneno yasiyoeleweka. Watu wa nyumbani wakasema ni uzee tu, wakamlaza apumzike. Alipopelekwa hospitali alikuwa amekwisha kuzirai, na sukari ya damu yake imeshuka mno. Alhamdulillahi, alipona. Lakini wanawe waliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Mwalimu, tungemkatazaje baba kufunga, na Kurani inatuamrisha tumheshimu?"

Jibu limo katika Kurani Tukufu yenyewe. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 185 na 186, Mwenyezi Mungu amewapa ruhusa wagonjwa na wasafiri wasifunge, akaweka fidia ya kumlisha maskini, na akaeleza ya kuwa Yeye anatutakia wepesi wala hatutakii uzito. Anayetarajia kupona atazilipa siku zake baadaye. Ama yule ambaye uzee au maradhi ya kudumu hayampi tumaini hilo, hutoa fidia. Seyyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alifundisha kwa mkazo ya kuwa mgonjwa anayefunga katika hali ya ugonjwa anaiasi amri iliyo wazi ya Mungu. Naye mwenyewe alikuwa na maradhi ya kisukari na kizunguzungu, na katika miaka ya mwisho ya maisha yake alipozidiwa alitoa fidia. Basi ni nani kati yetu atakayejidai kumzidi kwa ucha Mungu?

Hatusemi kwamba kila mzee aache saumu. Wako wazee wenye afya kuliko vijana. Tunasema kwamba mwenye kisukari, shinikizo la damu, au ugonjwa wa moyo au figo amwone daktari wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, akiwa na dawa zake zote mkononi, hata zile za miti shamba. Asiache dawa wala kubadili kipimo chake kwa shauri lake mwenyewe. Sindano za insulini na baadhi ya vidonge vya kisukari huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Tena mwili wa mzee hausikii kiu upesi kama wa kijana, kwa hiyo maji humpungukia bila yeye kutambua.

Dalili za kushuka kwa sukari ni jasho, kutetemeka, udhaifu na kuchanganyikiwa. Mzee akichanganyikiwa ghafula, msiseme ni uzee. Uzee hauji kwa saa moja. Ikiwa anatumia dawa za kisukari na anaweza kumeza, afunguzwe mara moja, apewe maji yaliyokorogwa vijiko vitatu vya chai vya sukari, na baada ya dakika 15 apewe tena kama hajapata nafuu, kisha ale chakula. Akiwa amezirai, msimtie kitu kinywani. Mlazeni kwa ubavu na kumkimbiza hospitali.

Sala nayo ina wepesi wake. Hadhrat Imran bin Husain r.a. alipokuwa mgonjwa, Mtume s.a.w. alimwambia asali kwa kusimama, asipoweza asali kwa kukaa, na asipoweza asali kwa kulala ubavu. Kwa hiyo kiti msikitini si aibu. Na mzee anayeamka kwa Tahajjud aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, maana kuinuka kwa ghafula huleta kizunguzungu. Njia ya kwenda kutawadha iwe na taa, sakafu iwe kavu, na kiwepo kigoda cha kukalia anapoosha miguu. Mvunjiko wa nyonga huweza kumnyima mzee msikiti kwa maisha yake yote.

Sasa, enyi vijana, mtasema naye vipi? Sura Bani Israil, aya ya 24, inatukataza kuwaambia wazazi hata neno la kuonyesha kuchoshwa nao. Basi msimwamrishe baba kama mtoto, wala msimfiche dawa ndani ya chai. Keti naye faraghani, umwombe mwende pamoja kwa daktari, na daktari aseme naye yeye, si nawe juu ya kichwa chake. Fidia aitoe kwa mkono wake mwenyewe. Jioni akae nanyi kwenye futari, awaongoze katika dua, ili asijione ametengwa na baraka za mwezi.

Nanyi wazee wetu wapendwa, mkono wa mtoto unapowazuia kwa adabu, msiuone kuwa ni uasi. Anayeipokea ruhusa ya Mungu anamtii Mungu yule yule aliyeamrisha saumu.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu umri wenye afya, na atupe sisi hekima ya kuwatumikia. Amin.