Hoteli za Uzunguni: Somo juu ya Vilima vya Nakasero na Kololo



Katika vikao vya mafunzo tumeulizwa mara nyingi: mkata miwa wa Kakira, au mwenzake wa kiwanda cha nguo cha Jinja, ana haja gani ya kusoma habari za hoteli za matajiri? Hatalala humo, wala hatakunywa chai humo. Swali ni la haki. Lakini sukari iliyo mezani pale imetoka mikononi mwake, majani ya chai yamechumwa na mwenzake, na shuka zimefumwa na mtu wa kiwandani kama yeye. Tena yule anayemwekea mgeni kikombe ni mfanyakazi aliye chini ya sheria ile ile ya kazi inayomhusu mkata miwa. Kwa hiyo tunaomba muda wenu kidogo, tupande kilima pamoja.

Kila mji uliotawaliwa na Mwingereza katika Afrika Mashariki ulikuwa na uzunguni wake. Kampala uzunguni ulikuwa Nakasero, kisha Kololo. Jambo hili halikutokea kwa bahati. Mwaka 1913 na 1914 daktari mmoja wa Serikali ya Uingereza, W. J. Simpson, alitumwa kukagua hali ya afya katika Kenya, Uganda na Unguja. Ushauri wake ulikuwa kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali, na kati yao kuwe na ukanda wa ardhi tupu. Sababu iliyotolewa ilikuwa malaria. (Mbu mwenyewe hakuulizwa kama anatambua mipaka hiyo.) Basi Wazungu wakapewa juu, penye upepo na nafasi, wafanyabiashara wa Kihindi wakakaa chini karibu na maduka, na Mwafrika aliyewapikia na kuwafulia wote hao akakaa nje ya mji, katika Kibuga cha Mengo, au popote alipopata ukuta wa kuegemea.

Mwaka 1945 aliajiriwa msanifu Mjerumani, Ernst May, kupanga upanuzi wa mji kuelekea Kololo na Naguru. Mpango wake ulitolewa mwaka 1947. Kololo ikawa ya nyumba kubwa zenye bustani, na wafanyakazi wakajengewa nyumba ndogo upande wa Naguru na Nakawa. Tukumbuke mwisho wa nyumba hizo: mwaka 2011 wakazi wa Naguru na Nakawa waliondolewa na nyumba zikabomolewa ili ardhi ipewe wajenzi wapya. Nyumba za Kololo zilizovunjwa zilivunjwa na wenyewe, kwa faida yao.

Uhuru wa Uganda ulipokuja tarehe 9 Oktoba 1962, bendera ilipandishwa pale pale Kololo. Baada ya hapo nyumba za kilimani zikaingia mawaziri, mabalozi, wakurugenzi na wenye kampuni. Wazungu wengi waliondoka, lakini uzunguni ulibaki.

Sasa tuje kwenye hoteli zenyewe. Mwaka 1967 ilifunguliwa Nakasero hoteli ndefu ya Serikali, ikaitwa Apolo, kwa jina la Rais Apolo Milton Obote. Obote alipopinduliwa mwaka 1971, jina likafutwa ikawa Kampala International. Katika miaka ya 1980 ikapewa jina la kampuni ya Kimarekani, Sheraton. Jengo ni lile lile, ngazi ni zile zile za kupandishwa mizigo, bali jina la mlangoni limefuata mwenye nguvu wa wakati huo. Karibu nayo ilijengwa Nile, pamoja na ukumbi wa mikutano, kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Kampala Julai 1975, Idi Amin akiwa mwenyeji. Vyumba vya Nile Mansions baadaye vilitumika kutesea watu, wakati wa Amin na tena wakati wa utawala wa pili wa Obote. Mwaka 2004 Serikali ikaikodisha hoteli hiyo kwa mkataba wa miaka 30 kwa kampuni ya Aga Khan, ikatengenezwa upya, na mwaka 2006 ikafunguliwa kwa jina la Serena.

Haraka yote hiyo ilikuwa na sababu. Novemba 2007 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walitazamiwa Kampala, na ilisemwa kwamba mji hauna vitanda vya kutosha vya watu wakubwa. Hapa tunataka tukae kidogo, kwa sababu mkasa wa Shimoni unafundisha kuliko hotuba nyingi. Nakasero palikuwa na chuo cha ualimu cha Shimoni na shule yake ya msingi. Ilikuwa shule ya umma, katikati ya mji, na watoto wa watu wa kawaida waliweza kusoma humo. Mwaka 2006 shule na chuo viliondolewa, majengo yakabomolewa, ardhi ikapewa kampuni ya kigeni ijenge hoteli ya nyota tano kabla ya mkutano. Mkutano ukafika, ukapita, wageni wakarudi kwao. Hoteli haikuwapo. Uwanja ukakaa mtupu kwa miaka, na hatimaye pakajengwa maduka na ofisi. Watu walioahidiwa ajira za hoteli hawakuzipata, na watoto hawakurudishiwa madarasa. Ndugu, mtu akija shambani au kiwandani kwenu na habari ya mradi utakaoleta kazi, muulizeni kwanza nani anaondolewa, na kwa karatasi gani, na kama mradi usipojengwa ardhi inarudi kwa nani.

Jambo la pili la kujifunza ni hili: mwajiri ni nani? Katika hoteli kubwa mwenye jengo ni mmoja, mwenye jina la mlangoni ni mwingine, naye hulipwa ada ya usimamizi. Bawabu wa getini mara nyingi ni wa kampuni ya ulinzi. Wasafishaji wanaweza kuwa wameletwa na mkandarasi, na mtunza bustani pia. Watu 10 wakikutana katika njia ya nyuma, wanaweza kuwa na waajiri 4. Wakidai, kila mwajiri anamnyoshea kidole mwenzake. Mkata miwa anayeletwa shambani na mkandarasi wa vibarua anaielewa hali hii bila kufundishwa na sisi. Ni ujanja ule ule, ila huku umevaa tai.

Tuhesabu kidogo. Kima cha chini cha mshahara kilichomo katika sheria za Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Kiliwekwa mwaka 1984. Leo fedha hiyo haifiki dola 2. Chumba katika hoteli hizi hulipiwa zaidi ya dola 100 kwa usiku mmoja. Maana yake usiku mmoja wa mgeni mmoja unatosha kulipa kima hicho cha chini kwa mfanyakazi mmoja kwa zaidi ya miaka minne. Hakuna anayeajiri kwa shilingi 6,000 siku hizi, hilo ni kweli, na waajiri hupenda kutukumbusha. Lakini kima kilichokufa hakimlindi mtu, na anayepatana mshahara anaanza mazungumzo akiwa hana chochote cha kukanyaga. Februari 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kima kipya. Rais alikataa kuutia sahihi.

Tusidhani basi kwamba sheria haina kitu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka wiki ya kazi ya saa 48, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, sikukuu mara mbili. Mama anayejifungua ana siku 60 za kazi za likizo yenye malipo. Likizo ya mwaka ni siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi. Kanuni za mwaka 2011 zinasema mtu asiwekwe katika hali ya kibarua zaidi ya miezi 4. Baada ya hapo anastahili mkataba ulioandikwa. Kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii mfanyakazi anakatwa asilimia 5, na mwajiri anaongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, si kutoka katika mshahara. Tangu mwaka 2022 wajibu huo ni wa kila mwajiri, hata mwenye wafanyakazi wawili tu.

Bahashishi ni habari nyingine. Wahudumu wengi wamezoea kuihesabu kama mshahara, na msimamizi naye huisema wakati wa kukataa nyongeza: “Nyinyi si mnapewa na wageni?” Machi 2020, viwanja vya ndege vilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, bahashishi ilikoma siku hiyo hiyo, na wengi wakarudishwa nyumbani bila malipo. Walioweza kusema neno ni wale waliokuwa na mkataba ulioandikwa na tawi la chama. Wengine walibaki kupiga simu zisizopokelewa.

Kwa kikao kijacho, kila tawi lifanye kazi moja. Chukueni orodha ya watu wote wanaoingia geti lenu kwa siku moja, wawe wa kiwanda, wa mkandarasi au wa ulinzi. Andikeni mbele ya kila jina nani anamlipa, ameanza mwezi gani, na kama ana karatasi yoyote mkononi. Walio na zaidi ya miezi 4 bila karatasi wapigiwe mstari. Orodha iletwe na katibu wa tawi, ikiwa na sahihi za wajumbe wawili.