Kulia Mbele ya Televisheni

Katika Butembo na Beni, jioni jenereta inapowashwa, watu wengi hukusanyika penye televisheni moja: wenye nyumba, majirani, na watoto wanaochungulia dirishani. Mchezo unaopendwa kuliko yote ni ule wa mambo ya jamaa, unaoendelea siku baada ya siku. Mume amekufa, ndugu zake wamekuja kutwaa nyumba, mjane atolewa nje pamoja na watoto wake, na mvua inanyesha. Hapo kelele zote hukoma. Mama mmoja hupangusa macho kwa pembe ya kitenge. Mwingine humtukana mama mkwe mwovu kana kwamba yumo chumbani. Kijana aliyeshinda akisukuma chukudu yake hugeuza uso, asionekane kwamba naye analia.

Je, machozi hayo ni ya kijinga? Sivyo. Kila mtu chumbani ajua ya kuwa mjane yule ni mchezaji tu, ambaye baadaye atainuka, ajipanguse na kwenda zake. Lakini mtu hulilia yaliyo yake. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya wilaya ya Beni vimepigwa na wauaji mara nyingi mno. Tena, toka Agosti 2018 hata Juni 2020, ugonjwa wa Ebola uliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na majimbo jirani, na miji ya Beni na Butembo iliumia sana. Waliokufa kwa ugonjwa huo walizikwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga. Jamaa hawakuruhusiwa kuosha maiti wala kuigusa. Basi mwanamke ambaye hakupata kumwosha mumewe akiona mazishi katika mchezo, si ajabu machozi yaliyozuiliwa siku ile yakamtoka sasa. Wenzake wamwache alie.

Hata hivyo machozi ya mchezo yana hila yake. Mtakatifu Augustino, mzaliwa wa Afrika mwaka 354, alipokuwa kijana mwanafunzi mjini Kartago, alipenda mno kutazama michezo ya huzuni. Baadaye, akiisha kuwa askofu, alieleza katika kitabu chake cha Maungamo jinsi alivyoustaajabia moyo wa binadamu: mtu hataki kabisa kupatwa na msiba, ila apenda kuutazama msiba wa uongo, na asipolia huondoka hakuridhika. Akauliza, ni huruma ya namna gani hiyo, iwapo mtazamaji haitwi kumsaidia mtu yeyote, bali huitwa kuhuzunika tu?

Swali hilo ni kali. Mjane wa mchezo haombi unga wala mahali pa kulala. Lakini pengine katika uwanja ule ule yupo mjane aliyekimbia toka upande wa Oicha, ambaye hulala na wanawe chini ya upenu. Huyu ana njaa, watoto wake wana kelele, na hashukuru kila siku jinsi mwenye nyumba apendavyo. Kumlilia yule ni rahisi kuliko kumvumilia huyu.

Kisha mchezo ukiisha, maneno huanza. Mmoja husema, ndivyo walivyo watu wa ukoo fulani. Wa pili hutaja kabila. Wa tatu hukumbuka shamba alilonyang'anywa baba yake. Na muda si muda mjane wa televisheni amesahauliwa, na walio wakali kuliko wote ndio wanaosikilizwa.

Jambo hili limepimwa katika Congo yenyewe. Mashariki ya nchi redio zilitangaza mchezo kwa jina la Kumbuka Kesho, uliotungwa ili watu wanaogombana wajifunze kupatana. Mtaalamu wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, aliwachunguza wasikilizaji wake, akatoa matokeo mwaka 2010. Mahali pengine watu walisikia mchezo peke yake. Mahali pengine, mchezo ulipokwisha, yalifuata mazungumzo redioni, ya kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane wao kwa wao juu ya yale waliyoyasikia. Mtu angedhani hao wa pili watazidi upole. Sivyo ilivyokuwa. Kweli walijadiliana zaidi, lakini walizidi pia kuyakumbuka manung'uniko yao na kuwakataa watu wasiowapenda.

Kipimo kimoja kilikuwa chumvi. Msikilizaji alipewa mfuko wa chumvi uwe mali yake, kisha akaulizwa kama angekubali kutoa sehemu kwa mtu wa kundi lile asilolipenda. Kijijini kila mtu ajua thamani ya chumvi: sombe bila chumvi haliliki, na jirani akipungukiwa huja kuomba kijiko bila haya. Waliohimizwa kujadiliana walikuwa wagumu wa kutoa kuliko wale waliosikia mchezo tu.

Anayekaa Beni hatashangaa sana. Kila mmoja akianza kusimulia mabaya aliyotendewa, anayetaka kusema, "Si wote walio hivyo," huogopa kuitwa rafiki wa adui, naye hunyamaza. Watu wakiachana usiku, kila mtu arudi nyumbani na uchungu wake pamoja na uchungu wa wenzake.

Isidhaniwe kwamba dawa ni kufunga vinywa. Nchini Rwanda, toka mwaka 2004, redio ilitangaza mchezo wa Musekeweya, wenye habari za vijiji viwili vinavyogombana na vijana wawili wanaopendana. Mtaalamu yule yule alichunguza makundi yaliyousikiliza pamoja, akaandika habari zao mwaka 2009. Mwishoni kila kundi lilipewa redio na kanda za mchezo. Makundi mengine, yaliyokuwa yamesikia mchezo wa mambo ya afya, yalielekea kumwachia mkubwa wa mahali avitunze. Wale wa Musekeweya walijadiliana, hata kubishana, wakataka wavitunze na kuvitumia wote pamoja. Hapo maneno yalijenga.

Biblia nayo yasimulia habari za msikilizaji mmoja mwenye hasira. Nabii Nathani alimweleza mfalme Daudi jinsi tajiri alivyotwaa mwana-kondoo wa pekee wa maskini. Mfalme akawaka, akamhukumu tajiri huyo kufa. Nathani hakumwachia nafasi ya kuuliza nyumba ya mwovu huyo iko wapi; mara moja alimjulisha kwamba mtu huyo ni yeye mfalme.

Basi katekista akikaa na watu wake baada ya mchezo, atazame sana swali analolianza. Akiuliza ni nani hapa kijijini anayefanana na mama mkwe yule, majina yatatajwa upesi. Akiuliza mjane yule angeomba nini kama angekaa katika uwanja huu, kutakuwa na kimya kidogo. Kisha pengine mtu atasema kwamba upenu ule unavuja, na kwamba yeye anayo mabati mawili yaliyobaki.